Simu Iliyokubali Kufunguliwa

Simu ya kwanza niliyoiua ilikuwa ya katekista wetu, na niliiua asubuhi kweupe, yeye mwenyewe akiwa ameketi mbele yangu anakula karanga.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokaa sasa kwenye zile meza ndogo za kutengeneza simu, pale karibu na soko la Kikula. Mimi ni Générose, ingawa mjini wengi wananijua kwa jina la Mama Géné wa telefone. Mwaka jana niliiacha meza yangu. Binti yangu anasema macho yamezeeka. Mimi nasema skurubu ndizo zimekonda. Naandika Kiswahili nilichofundishwa na masista shuleni, lakini watu wangu nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Likasi, maana nikiwavalisha lugha ya kitabu hata mama zao hawatawatambua.

Basi, katekista. Simu yake ilikuwa imechoka. Alitaka iwe na kitabu chote cha nyimbo, na kila akiongeza kitu ilikwama. Wakati huo nilikuwa nimejifunza jambo jipya, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kwa sababu yake: kwamba simu nyingi, zile zisizofungwa na waliozitengeneza, unaweza kuzitoa mfumo wa zamani na kuzitia mwingine. Ni kama lori ambalo bodi yake ni nzima, ukalibadilishia mota. Nikaunga simu kwenye kompyuta yangu kubwa ya mezani, nikafuta mfumo wa zamani, nikaanza kumimina mpya. Katikati ya kumimina, umeme ukakatika. Kompyuta ikazima. Simu ikawa kipande cha kioo cheusi.

Katekista akamaliza karanga, akapangusa mikono, akauliza: "Imeisha?"

Nikamjibu: "Imeisha."

Yeye aliuliza kuhusu kazi. Mimi nilikuwa nazungumza kuhusu simu.

Nilimpa simu yangu mwenyewe, nikatembea mwezi mzima bila simu, na kusema kweli nilipumzika sana. Kisha nikaenda kuungama, si kwa padri, kwa Papa Ilunga. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi umeme kule Shituru, kwenye kiwanda cha shaba, na alipostaafu akawa anatengeneza redio barazani kwake, katika zile nyumba za kampuni. Mimi nilianza kwake nikishika taa tu. Baada ya mwaka mmoja akaniruhusu kushika chuma cha kulehemu. Hakuwa mtu wa kugombana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja:

"Géné, mbele ya kutoa moyo ya muntu, ulikuwa umeona ya kuweka?"

"Ndiyo, Papa."

"Na lumière, ile umeme ya kukusaidia kuiweka, ulikuwa umeiona?"

Tangu siku hiyo sikubadilisha mfumo wa simu yoyote bila kompyuta ndogo ya kubeba, betri yake imejaa, na ya simu imejaa, na picha za mwenye simu nimezihifadhi pembeni. Mambo matatu. Msiyaandike, yawekeni mwilini kama mnavyojua kuvuta mlango kabla ya kutoka.

Papa Ilunga ndiye pia aliyenifundisha kusoma kitu kabla ya kukifungua. Alikuwa akigeuza redio, anaangalia mgongo wake, anasema: "Ona, iko na skurubu. Muntu mwenye aliitengeneza alijua siku moja itaharibika. Alikuheshimu." Na alipoanza kuona vitu vilivyofungwa kwa gundi kila upande, alitikisa kichwa. "Uyu alisema weye ufe na kiu, yeye njo iko na ufunguo ya kisima."

Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwaambia, ya vitu vya skurubu na vitu vya gundi.

Mnakumbuka ile simu kubwa iliyoingia mjini kwa kelele? Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi. Jina lake sitalitaja, haihitaji matangazo yangu. Sisi mafundi tuliiita Patron, yaani Bosi, kwa sababu haiguswi, haifunguliwi, na ukitaka kitu kidogo kwake lazima kwanza useme wewe ni nani na umetumwa na nani. Lo, watu waliipenda! Kanisani walipiga magoti wakiwa wameishika mkononi ili ionekane. Kijana mmoja alinunua ganda la Patron, akalivisha simu yake ya bei rahisi. Nilimtengenezea ile simu mara nne, na kila mara aliniomba nisilivue ganda mbele za watu.

Sisemi Patron ni simu mbaya. Picha zake ni nzuri kuliko sura zetu. Lakini fundi akiona kila mtu anakimbilia mlango mmoja, aangalie kama mlango huo una kitasa upande wa ndani.

Sasa, siku moja ya Jumatatu wakaja Papa Mwansa na mke wake, Mama Joséphine. Papa Mwansa alikuwa mtu wa Kakontwe, amepasua mawe ya chokaa tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe zenyewe bila msaada wa vumbi. Walipewa vya kuziba masikio, lakini alivitia mfukoni, kwa sababu alitaka kuwasikia wenzake wakiimba. Hivyo ndivyo masikio yake yalivyokwenda. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa karibu lote, la kulia lilisikia ngurumo na kengele tu. Nyumbani walizungumza kwa mikono.

Mama Joséphine akaweka kiboksi cheupe mezani kama anaweka hostia.

"Mama Géné, mutoto wetu Patrice alitutumia hii. Iko kule Afrika ya Kusini. Anasema iko na kintu ndani ya kusaidia bantu ya masikio. Siku ya dimanche, siku ya misa, si hii inakuya, ile ingine, tunafanya jubilé. Miaka makumi tano ya ndoa. Minye nataka uyu muzee asikie padri."

Papa Mwansa akatabasamu kwa wote wawili, hakusikia hata neno, akaniinulia kidole gumba.

Nikafungua kiboksi. Patron! Imetumika, lakini inang'aa. Betri imekufa. Hapo kichwa changu kikavimba mara ya pili maishani. Nikasema: "Mama, niachie siku mbili."

Nilipasha gundi polepole kwa mashine ya kukaushia nywele, nikapitisha kadi nyembamba ukingoni, nikafungua bila kuvunja kioo. Nilijisifu peke yangu. Nikatia betri mpya. Patron ikaamka, ikanionya kwamba betri hii haiitambui. Sawa, nikasema, mtafahamiana. Kisha ikaandika kitu kingine: weka neno la siri la mwenyewe. Na jina la mwenyewe lilianza na herufi ambayo haikuwa ya Patrice wala ya mtu yeyote wa ukoo wao.

Nikampigia Patrice. Nikamsomea lile jina.

"Mama Géné, niliinunua kwa muntu wa kazini. Ule muntu alishaenda kwao. Namba yake haipite tena."

"Na code yake?"

"Shi alisema ameisha kuitoa."

Vijana, sikilizeni vizuri hapa. Zipo njia za kuchokonoa, na wapo watu watakaokuambia wanazijua. Mimi simu inayoniuliza jina la mtu nisiyemjua siichokonoi, maana huenda mtu huyo yuko mahali anailia. Lakini siwadanganyi kwamba nilikuwa mtakatifu. Nilikaa na ile simu siku nne badala ya mbili, nikiibembeleza, nikiizima na kuiwasha, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi yule mama na sikutaka aseme Mama Géné ameshindwa. Siku nne kati ya siku kumi na tatu walizokuwa nazo! Kiburi kilinila wakati wa watu.

Ijumaa wakarudi. Nikawaambia ukweli. Mama Joséphine akaifunga Patron ndani ya kitambaa chake cha kichwani. Papa Mwansa akamwangalia, akaniangalia mimi, akaelewa bila maneno. Akampigapiga mkewe begani na kusema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia:

"Haina neno! Minye ntamuangalia padri midomo! Akifunga kinywa, nasema ndiyo!"

Soko zima likageuka. Mimi nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Hapo ndipo simu ya Mama Joséphine mwenyewe ikaita. Akaitoa kifuani: simu ndogo ya zamani, ya mfumo ulio wazi, kona imepasuka, vumbi jeupe la Kakontwe katika kila tundu. Aliitumia kuwajulisha wateja kwamba maandazi yameiva. Upande wa chini ilikuwa na lile tundu la duara la kuchomekea nyuzi za masikioni, tundu ambalo Patron ilikuwa imelifuta kwa sababu ya urembo.

"Mama," nikamwambia, "nipe hiyo."

"Hii? Hii ni ya mandazi."

"Nipe tu."

Nikaigeuza. Skurubu mbili, ndogo kama mbegu za mchicha, zilikuwa zinaniangalia. Nikamkumbuka Papa Ilunga, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, nikasema kimoyomoyo: ona Papa, aliyeitengeneza hii alituheshimu.

Programu ya kukuza sauti ipo, ya bure. Inachukua sauti kwenye mikro, kile kinasa sauti cha simu, inaipandisha, inaipeleka masikioni, na kila sikio unaweza kulipimia kiasi chake. Lakini simu ile ilikuwa na mfumo wa zamani mno. Programu ilikataa kuingia. Dawa yake mnaijua: mota mpya. Duniani kuna watu wasiojuana, mmoja yuko huku, mwingine yuko kule, wanatengeneza mifumo ya simu kama hizi na kuiacha wazi ili atakaye achukue, asome, arekebishe. Hakuna anayekuuliza umetumwa na nani. Nilipata mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya simu kama ile ile.

Lakini mkono wangu ulikuwa mzito. Ile ilikuwa simu ya kazi ya mama huyu. Nikiiua, nimewanyima Patron na maandazi kwa wiki moja. Nikamwambia hatari yote. Akaniuliza: "Picha ya bajukuu itapotea?" Nikamwonyesha: nimezihifadhi, moja moja, hizi hapa. Akasema: "Basi tuombe." Akaomba kwa kifupi, kama mtu mwenye moto jikoni.

Jumamosi asubuhi nikaanza na usafi. Vumbi la chokaa halipulizwi kwa mdomo, mate yanaligeuza kuwa plasta. Mswaki laini, mkavu, halafu tone la alkoholi. Na kwenye tundu la mikro msiingize sindano kamwe. Nimezika mikro nyingi zilizouawa na sindano. Kisha betri zote mbili zikiwa zimejaa, nikafuta, nikamimina. Wao wawili walikaa kwenye benchi wakiangalia kama watu wanaosubiri habari hospitalini. Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi. Jirani yangu anayeuza sabuni akaacha kuuza.

Halafu ikaja duara ndogo ya bluu, inazunguka, inazunguka, na simu ikatusalimia kwa Kiswahili.

Nikatia programu, nikachomeka nyuzi, nikazitia masikioni mwa Papa Mwansa. Nikaanza chini kabisa. Hiyo msisahau: sikio lililozoea kimya ukilipigia kelele ghafla, linaumia. Nikapandisha kidogo kidogo, la kulia kwanza, halafu la kushoto. Uso wake haukubadilika. Nikapandisha tena. Akakunja paji la uso. Akageuka upande wa kushoto, ambapo kulikuwa na mwanamke anauza kuku waliofungwa miguu.

"Kuku," akasema taratibu.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kwa sauti ya kawaida. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Nasikia kuku. Na ile iko nafanya kwaru-kwaru ni nini?"

"Ni viatu ya bantu, Papa," nikamwambia. "Banapita."

"Viatu inafanyaka makelele namna hii?"

Mama Joséphine alikuwa nyuma yetu, anapangusa machozi kwa pembe ya kitenge. Na kama alivyozoea kwa miaka kumi na zaidi, akanung'unika kwa chini, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsikia: "Uyu muzee, sasa atanisumbua na maswali mpaka nikufe."

Papa Mwansa akageuka polepole.

"Joséphine. Nimesikia ile."

Jamani! Yule mama alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Muuza sabuni akaanguka juu ya sabuni zake. Papa Mwansa akacheka mpaka nyuzi zikamtoka masikioni, akazirudisha haraka kama mtu aliyeangusha almasi, akasema: "Endelea! Sema ingine! Sema yote yenye ulikuwa unasemaka!"

"Yote?" akasema mama. "Ile tutamaliza mwaka ya kuya."

Msidhani mambo yalikwenda sawa tu baada ya hapo. Jumanne Mama Joséphine alirudi peke yake, akaniinamia, akaniuliza kama naweza kupunguza kidogo usikivu upande wa jikoni. Alhamisi akaja Papa Mwansa, peke yake pia, amenyong'onyea. Alikuwa ameenda kwenye mazoezi ya kwaya. Aliimba besi tangu ujana, na hata masikio yalipokwenda hakuacha, alisimama mstari wa nyuma na kuimba kwa nguvu zote. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa amejisikia.

"Mama Géné, minye naimba mubaya," akaniambia. "Mubaya sana. Miaka yote hii. Juu ya nini habakuniambia?"

Sikuwa na chombo cha kutengeneza hilo. Nikamwambia nilichoona kuwa kweli: "Banakupenda, Papa."

Akafikiri. "Ata maître ya chorale, ule anatuimbisha?"

"Yeye zaidi, juu yeye njo anasikiaka vizuri kuliko bote."

Akacheka kidogo, akaenda. Wiki ile hakuimba, alisikiliza. Aliniambia baadaye kwamba hakujua sauti za wanawake kwenye ule wimbo wa matoleo zinapanda juu vile.

Patrice alifika kwa basi siku ya Jumamosi, kesho yake ikiwa jubilei. Akaja mezani kwangu na baba yake, amejaa aibu, akasema atamnunulia Patron mpya kabisa dukani, isiyo na jina la mtu. Papa Mwansa akatoa ile simu ndogo yenye kona iliyopasuka mfukoni mwa shati.

"Mutoto, aksanti. Ile yako iliniuliza jina ya muntu simujue. Hii iliniuliza tu kama nasikia."

Na simu ya maandazi? Nilimtafutia mama nyingine kwenye sanduku langu, ya skurubu vilevile.

Jumapili kanisa lilijaa. Mimi nilikaa benchi la tatu, na mfukoni nina nyuzi za akiba, na betri ya akiba, na turnevis, bisibisi yangu ndogo, kama muuguzi. Papa Mwansa alivaa suti ya kijivu, nyuzi mbili nyeupe zinashuka masikioni mpaka mfukoni. Padri akauliza maswali ya agano kwa mzee. Mzee akajibu wakati wake, kwa sauti yake, hakutazama midomo ya mtu. Kelele za shangwe zilipigwa mpaka yeye mwenyewe akainua mkono kuomba zipungue.

Ikawa zamu ya mama. Mikro ya kanisa ikaanza kupiga filimbi. Wakaigonga, ikapiga filimbi zaidi. Papa Mwansa akakunja uso kwa maumivu, na mimi nilikuwa nimeshasimama nusu. Lakini yeye akatoa simu mfukoni, akaivuta mpaka mwisho wa waya wake, akaiweka mkononi mwa mkewe na kuisogeza karibu na mdomo wake.

Mama Joséphine akaiangalia. Kisha akasemea ndani ya simu, kwa sauti ndogo sana, hata mimi wa benchi la tatu sikupata neno. Alisema kwa muda. Papa Mwansa alisikiliza ameinamisha kichwa, na tulimwona anatikisa kichwa kukubali, mara moja, mara mbili, halafu akajibu kwa sauti: "Na minye vile vile."

Padri akangoja. Kanisa likangoja. Padri akamwinamia mama kwa upole.

"Mama, useme kwa nguvu kidogo, bantu basikie."

Mama Joséphine akamrudishia mume wake simu, akanyoosha kitenge chake.

"Mon père," akasema, "bantu habakunioa. Ule mwenye alinioa ameisha kusikia."

Padri akafunga kitabu chake. Alijaribu kuendelea na sala, akashindwa, akageukia ukuta ili acheke vizuri.